Kina Kenyon wa Washwood Heath

Zeinab aliliona tangazo hilo dukani kwa Parveen, Alum Rock, siku aliyokwenda kununua vitunguu. Lilikuwa limebandikwa kwenye kioo cha mlango, chini ya picha ya paka aliyepotea. Juu kulichorwa ngao yenye simba, na chini ya simba maneno makubwa: KENYON GATHERING. Yaliyofuata yalisema Kenyon wote karibuni, wa karibu na wa mbali, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, saa saba mchana, katika ukumbi mmoja wa Washwood Heath, na kila atakayekuja aje na chakula cha kula pamoja.

Zeinab akasimama na mfuko wake wa vitunguu, akasoma tena, na damu ikampanda. Ngao aliijua, simba alimjua, maana wamo kwenye nembo ya Kenya, na tarehe yenyewe ilikuwa ya Madaraka, sikukuu ya nchi yake. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha Wakenya wa upande huo wa Birmingham. Alizaliwa Isiolo, akakulia Eastleigh, akaishi Rotterdam miaka kadhaa kabla ya kuhamia Sparkbrook, na kote huko haikuwahi kufanyika Madaraka ambayo hakutia mkono wake katika sufuria. Sasa mtu ameandaa sherehe nzima kimya kimya, na mtu mwenyewe hata jina la watu wake hajui kuliandika. Mkenya kwa Kiingereza ni Kenyan, kwa A. Huyu ameweka O.

Parveen alisema hakumwona aliyelileta. Alikuta limeshabandikwa. Zeinab hakuhitaji kuambiwa. Alijua ni Mubarik.

Mubarik alikuwa naibu wake katika chama mpaka sherehe ya Jamhuri iliyopita. Siku hiyo Zeinab alikuwa katikati ya hotuba, anawashukuru wapishi mmoja mmoja kwa majina, Mubarik akaja akamnyang'anya maikrofoni mkononi na kuwatangazia watu kwamba nyama inapoa. Watu walicheka. Zeinab hakucheka. Tangu hapo chama kilikuwa kimoja kwa jina tu. Kulikuwa na kundi la WhatsApp la Zeinab na kundi la WhatsApp la Mubarik, na waliokuwa na busara walikaa katika yote mawili bila kusema neno.

Jioni alimweleza mumewe, Jama. Jama ni dereva wa teksi, mtu wa maneno machache, na alipotazama picha ya tangazo kwenye simu ya mkewe aliona kitu ambacho Zeinab hakukijali.

"Kuna namba hapa chini," alisema. "Si upige uulize?"

"Nipige simu niombe kualikwa Madaraka? Mimi?"

Jama akarudi kwenye chai yake.

Mpango wa Zeinab ulikuwa mwepesi. Angekwenda. Angekwenda na watu wake wote, na chakula ambacho kingefanya sinia za Mubarik zionekane kama vitafunio vya mgonjwa. Angeingia akitabasamu, amsalimie Mubarik kwa heshima zote, na pilau ndiyo ingesema yaliyobaki.

Kwa wiki nzima nyumba yake ikanuka bizari na iliki mpaka barabarani. Jirani yake, Mwanakhamis, alikuja kila jioni kukunja sambusa. Mwanakhamis ni Mzanzibari na Madaraka haimhusu, lakini alisema yeye hana nchi penye pilau. Kwa ajili ya siku yenyewe alitoa khanga mpya kabatini, nyekundu na nyeusi, iliyoandikwa *Mwenye wivu ajinyonge*, akamwonyesha Zeinab kwamba akimpita Mubarik mgongo wake utasomeka vizuri. Walicheka mpaka wakachoma sambusa za kwanza.

Jumamosi ikafika na jua, jambo ambalo Birmingham haimwahidi mtu. Waliondoka na basi dogo la kukodi na msururu wa magari nyuma yake, bendera ya Kenya imefungwa kwenye kioo cha teksi ya Jama, masufuria ya pilau na ya mbuzi mzima yamefungwa kwa mablanketi yasipoe. Iqra, binti yao, ndiye aliyeendesha basi. Iqra alizaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote na hukijibu kwa Kiingereza, na njia nzima alikuwa akimwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba kwenda mahali kwa hasira na mbuzi mzima si jambo la kawaida.

Ukumbi uko karibu na ile ardhi ya kiwanda cha zamani cha magari ya mizigo, ambako sasa wanajenga karakana ya treni za kasi, na ukitazama ng'ambo ya uzio unaona winchi na vumbi tupu. Mlangoni walimkuta mtunza ukumbi, mzee wa Kipunjabi aitwaye Kewal. Alipoona basi linateremsha watu na watu wanateremsha masufuria, akavua miwani akaifuta.

"Nyote mmekuja kwenye Kenyon?" aliuliza.

Zeinab akasema ndiyo, wote, na wengine wako njiani.

Uso wa Kewal ukafunguka. Alisema mama wa watu amekuwa akipanga viti tangu asubuhi. Viti amepanga vya kijiji kizima, na mpaka sasa waliokuja hawajazi hata meza mbili, naye amekwenda jikoni mara ngapi sijui kuchemsha maji ya chai ambayo hakuna wa kuinywa. "Mungu amewaleta," alisema, akashika mpini mmoja wa sufuria.

Zeinab aliingia na tabasamu aliloliandaa, na tabasamu likakosa pa kutua. Mubarik hakuwapo. Ndani kulikuwa na wazungu, tena wazee, wamekaa kwa kutawanyika kama watu wanaosubiri daktari, kila mmoja na kikombe cha chai na kipande cha keki. Waligeuka wote kwa pamoja. Zeinab alipigwa na butwaa kwa muda mfupi tu, kisha akaelewa, au akadhani ameelewa. Hawa walikuwa wazungu wa Kenya, wale wa mashamba, waliozaliwa Nanyuki na Naivasha wakarudi Uingereza uzeeni. Wazo hilo likamlainisha. Alimwendea mzee wa karibu, mtu mrefu aitwaye Clifford, akamwamkia kwa Kiswahili. Clifford akatabasamu na hakujibu kitu. Zeinab alimgeukia Mwanakhamis akamwambia maskini, lugha imeshamtoka.

Akamuuliza kwa Kiingereza kama kwao ni Nanyuki.

"Cragshaw," alisema Clifford.

Zeinab akatikisa kichwa kama anayepajua. Alidhani ni shamba upande wa Naro Moru.

Hapo ndipo mama mwenye shughuli akatoka jikoni. Alikuwa mfupi, nywele nyeupe pe, kifuani amebandika karatasi iliyoandikwa Maureen. Mkononi alikuwa na birika. Alisimama mlangoni mwa jikoni akatazama ukumbi wake unavyojaa: akina mama wa Kisomali wenye mashungi ya rangi zote, vijana wa Mombasa wamebeba masinia juu ya vichwa, watoto wanakimbizana kati ya viti ambavyo sasa vilikuwa havitoshi. Birika likamwinamia mkononi. Jama, aliyekuwa karibu, akalipokea kwa upole asije akajiunguza.

"Ninyi ni Kenyon?" Maureen aliuliza, sauti ndogo.

Alivyolitamka, na wanavyolitamka watu wengi wa hapa, A na O hazikuwa na tofauti yoyote.

"Sote," alisema Jama. "Isipokuwa yule mwenye khanga nyekundu. Yule ni wa Zanzibar."

"Amekuja kwa ndoa?"

"Kwa pilau," alisema Jama.

Maureen hakucheka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Alimshika Jama mkono, akamuuliza kama wazazi wake nao walikuwa Kenyon. Jama akasema ndiyo, baba na mama. Akamuuliza tangu lini. Swali hilo Jama aliliona la ajabu kidogo, lakini alipenda historia na hakuna mtu nyumbani aliyekuwa akimwuliza, basi akalijibu vizuri.

"Tangu sitini na tatu. Kabla ya hapo tulikuwa watu tu."

Maureen akaanza kuhesabu kwa midomo bila sauti. Alipomaliza alifunika uso kwa viganja, akasema inalingana, inalingana kabisa, kisha akamkumbatia Jama, akamkumbatia Zeinab, akamkumbatia kijana wa Mombasa na sinia lake kichwani, akapaza sauti kuwaita wenzake waje waone nani amekuja. Wazee wakainuka. Wakashikana mikono na kila mtu. Mmoja alisema masikio ya Jama hayana shaka hata kidogo, hayo ni masikio ya ukoo. Zeinab alifurahi kupita kiasi. Hajawahi kupokewa hivyo na wazungu wa mashamba, na alijiambia kumbe uzee unawafundisha watu adabu.

Clifford alikuwa amevutwa na khanga ya Mwanakhamis. Aliomba ruhusa, akashika pindo kwa vidole viwili, akalisugua, akasema uzi ni mwembamba na ufumaji ni wa haraka haraka, mama yake angekirudisha kitambaa kama hiki kiwandani. Mwanakhamis akavuta khanga yake. Alimwambia kwa Kiswahili kwamba mama yake na aje akisemee mwenyewe. Clifford, ambaye hakuelewa, akauliza maandishi yale yana maana gani.

Mwanakhamis akamtazama yule mzee, meno yake ya bandia na uso wake mwema.

"Yanasema karibuni nyote," alijibu.

Clifford akasema ni maneno mazuri sana. Akaomba aandikiwe.

Wakati huo huo nje kulisikika honi, na mlango ukafunguka kwa kishindo. Alikuwa Mubarik. Nyuma yake watu wake walibeba nyama ya kuchoma, spika mbili kubwa kama makabati, na maikrofoni. Alikuwa amejiandaa kwa vita. Alisimama katikati ya ukumbi, akamwona Zeinab, akamwendea.

"Mama Iqra," alisema, "unaandaa Madaraka peke yako, hata salamu hututumii. Na hata kuliandika jina letu vizuri umeshindwa?"

Zeinab alikuwa ameshafungua kinywa kumwambia maneno yale yale.

"Mimi?" alisema. "Si wewe?"

"Mimi nilione tangazo dukani kwa Parveen, halafu niwe nimeliandika mimi?"

Wakatazamana.

Iqra alikuwa ukutani. Mama yake alipokuwa akisalimia watu, yeye alivutwa na karatasi ndefu iliyobandikwa kutoka pembe moja ya ukumbi hadi nyingine, imejaa visanduku na mistari, na ameisoma kutoka juu hadi chini. Sasa alikuja mbio kidogo, akamshika mama yake kiwiko. Aliita, "Hooyo," yaani mama kwa Kisomali, kama anavyomwita akiwa na jambo, akamnong'oneza kwa Kiingereza cha haraka. Hilo si kosa la kuandika. Kenyon ni jina la watu. Ni jina la ukoo. Hawa wote ni watu wa ukoo mmoja, mababu zao walikuwa wafumaji katika viwanda vya pamba kwenye bonde moja huko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, linaloitwa Cragshaw, na viwanda vilipofungwa baadhi yao wakaja Birmingham kutafuta kazi kwenye kile kiwanda cha magari cha hapo nje. Leo wamekutana kuandika historia yao.

Zeinab aliitazama ile karatasi. Aliona Kenyon, Kenyon, Kenyon, mamia, kwa O zote. Aibu ilimjia kwanza, aibu ya mtu aliyeingia matanga ya watu akidhani ni harusi, tena ameingia na mbuzi. Akamtafuta Maureen kwa macho ili amwombe radhi na kuondoka.

Maureen alikuwa juu ya kiti, ukutani, kalamu mkononi. Kewal alikuwa amemshikia kiti. Karibu na ukingo wa karatasi kulikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa Wilfred, na mstari uliotoka chini yake haukwenda popote. Uliishia kwenye neno Afrika na alama ya kuuliza. Maureen alikuwa akiwaeleza waliomzunguka, Wakenya kwa wazungu, kwamba Wilfred alikuwa mdogo wake baba yake, fundi wa mitambo ya kufumia. Baada ya vita aliitwa kwenda Afrika kufunga mitambo mipya. Yeye Maureen alikuwa mtoto mdogo. Alikumbuka kubebwa mabegani stesheni, na harufu ya mafuta ya mashine kwenye koti. Halikuja neno tena kutoka kwake. Baba yake alikufa akimngoja. "Na sasa," alisema, "naomba mtu anitajie majina ya watoto wake, polepole, niandike."

Zeinab alisimama pale, na moyo ulimpasuka pande mbili. Jama alikuwa upande wa pili wa kiti, naye alikuwa ameshaelewa, maana alikuwa amegusa masikio yake kama mtu anayetaka kuyarudisha. Alimtazama mkewe. Ukumbi ulikuwa na furaha ambayo hakuna aliyetaka kuiua. Mwanakhamis alimnong'oneza Zeinab amwache mtu wa watu aandike, karatasi haina gharama, na Mungu anajua nia.

Lakini Zeinab alimwona akilini yule mtoto aliyebebwa mabegani stesheni. Alikwenda akamshika Maureen mkono.

"Mama, shuka kwanza," alimwambia. "Njoo ukae na mimi."

Maureen akashuka. Zeinab alimkalisha, akachukua simu yake, akamwonyesha picha ya tangazo, akaweka kidole juu ya ile O.

"Sisi ni Wakenya," alisema. "Watu wa nchi ya Kenya. Tulidhani mmekosea kuandika. Mimi nilikuja hapa nimekasirika, nimewaleta watu wote hawa kwa sababu ya hasira. Baba yako mdogo hatumjui. Nisamehe."

Watoto waliokuwa wakikimbizana walisimama. Maureen aliitazama simu, akamtazama Zeinab, akatazama masufuria, spika, bendera, na yule kijana wa Mombasa ambaye alikuwa bado hajatua sinia.

"Tangu sitini na tatu," alisema polepole.

"Uhuru," alisema Jama, kwa unyonge. "Ndio mwaka wa uhuru."

Mabega ya Maureen yakaanza kutikisika. Zeinab alidhani analia, akamshika, lakini mama yule alikuwa akicheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti nyembamba ya birika linalochemka, akaegemea bega la Zeinab akashindwa kujizuia, na kila alipotaka kusema neno alimwona Jama akaanza upya. Zeinab akaambukizwa. Mwanakhamis alikaa chini sakafuni. Mubarik, ambaye alikuwa wa mwisho kuelewa, alirudia kwa sauti, "Ukoo? Ni ukoo wa watu?" na hilo likawamaliza hata wale wazee waliokuwa wamejikaza. Yule aliyesema masikio hayana shaka alilazimika kutolewa nje apate hewa.

Kicheko kilipotulia kidogo, Clifford aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Kwa hiyo pilau inaondoka?" aliuliza.

"Pilau haina ukoo," alisema Zeinab, akaenda kufungua masufuria.

Wakala. Wale wazee walikuja na keki na mikate ya jibini, na walipoona vyakula vya wageni vikifunuliwa, mbuzi, sambusa, viazi karai, mahamri, nyama ya Mubarik yenye kachumbari, walisogeza keki zao nyuma kwa adabu. Lakini akina mama wa Isiolo walizifuata huko huko zilikojificha, maana chai bila kitamu si chai. Mubarik aliwasha spika. Baada ya nyimbo mbili tatu alimletea Zeinab maikrofoni mwenyewe, akamwambia mwenyekiti hajamaliza kuwashukuru wapishi. Zeinab aliipokea, akawashukuru wapishi wote, mmoja mmoja, Maureen na chai yake akiwemo, na nyama ikapoa, na hakuna aliyesema kitu. Clifford alicheza chakacha na Mwanakhamis, yeye akicheza kwa magoti na Mwanakhamis akimfundisha kwamba magoti hayahusiki. Kewal alipaswa kufunga ukumbi saa kumi na moja. Saa kumi na moja Kewal alikuwa katikati ya duara, mikono juu.

Jioni, wakikunja meza, Jama alimwendea Maureen akamuuliza Wilfred alikwenda Afrika gani. Maureen hakujua. Nyumbani kwao walisema Afrika tu, kama watu wanavyosema sokoni.

"Basi tuanzie kwetu," alisema Jama.

Usiku haukuingia kabla hajatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la Zeinab, na Mubarik akautuma kwenye lake: anatafutwa mtu, au kizazi cha mtu, aitwaye Wilfred Kenyon, mzungu, fundi wa mitambo ya kufumia, aliyefika Kenya kabla ya uhuru. Ujumbe ukaondoka. Ulikwenda Eastleigh, ukaenda Mombasa, ukaingia vikundi vya makanisa, vya wazazi wa shule, vya waliosoma pamoja mwaka fulani. Majibu yakaanza kumiminika na Jama hakulala vizuri wiki hiyo. Mtu alimjua Wilfred Kinyanjui wa Limuru. Mwingine alileta Wilfred Kenyanya wa Kisii, na picha yake akiwa amesimama na ng'ombe. Mwingine hakuwa na Wilfred yeyote ila alikuwa na kiwanja cha kuuza Kitengela.

Kisha likaja jibu kutoka Nakuru. Mama mmoja alisema karibu na kilichokuwa kiwanda cha mablanketi kuna mwalimu mstaafu, Mwalimu Consolata, ambaye baba yake alikuwa fundi mzungu pale, akaoa hapo hapo, akafa hapo hapo. Jina la baba watu walilisahau, maana walimwita Fundi. Lakini Mwalimu mwenyewe jina lake la mwisho lilikuwa la kuchekesha, kwa hiyo hakuna aliyelisahau. Anaitwa Consolata Kenyan.

Jama alipiga. Consolata alikata simu, akidhani ni matapeli. Jama akapiga tena, akataja Cragshaw, na safari hii simu haikukatwa. Kisha Consolata akaeleza. Jina ni Kenyon. Siku ya kwanza ya shule, mwalimu aliona mtoto ameandika Kenyon, akamwambia umekosea, akaiandika A juu ya O kwa wino mwekundu, na mtoto wa darasa la kwanza hawezi kubishana na wino mwekundu. Ndivyo alivyobaki Mkenya kwa jina na kwa nchi.

Jama aliweka simu mezani, akatoka nje, akazunguka nyumba yote kwa miguu bila viatu kabla ya kuweza kumwambia mkewe.

Jumapili walimwita Maureen nyumbani kwao Sparkbrook. Alikuja na Clifford, na Clifford alikuja amevaa tai. Mubarik alikuja na nyama. Mwanakhamis alikuja kama anavyokuja siku zote, yaani bila kuitwa. Iqra aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, na kwenye kioo akatokea mwanamke wa makamo, miwani ya kusomea juu ya paji la uso, nyuma yake pazia la maua. Maureen alimtazama, akaweka mkono mdomoni. Hakuna aliyetaja masikio ya ukoo, lakini Jama alimkanyaga Mubarik mguu chini ya meza, na Mubarik akakohoa mpaka machozi.

Maureen alikuwa ameandaa hotuba. Iliyeyuka yote. Alisema tu kwamba yeye ni mtoto wa kaka yake Wilfred, kwa hiyo wao wawili ni binamu.

"Ati binamu?" alisema Consolata, kwa Kiingereza cha mwalimu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote. "Baba yako ni baba yangu mkubwa. Wewe ni dada yangu. Tena mkubwa. Kwa nini umekaa kimya miaka yote hii?"

Maureen alizaliwa peke yake na hakuwahi kuwa na dada. Alimgeukia Zeinab amwambie neno lile kwa Kiswahili, na Zeinab akamtamkia, dada, na Maureen akalirudia kuelekea kwenye simu kwa uangalifu, kama mtu anayevuka sakafu iliyotoka kupigwa deki. Nakuru wakapiga vigelegele. Kumbe Consolata hakuwa peke yake. Nyuma ya pazia alikuwa amejaza nyumba, watoto, wajukuu, majirani, na yule mama aliyeleta habari, na sasa wote walijipenyeza kwenye kioo, wanataja majina yao, wakirudia polepole kwa sababu Maureen alikuwa akiyaandika mkononi kwa kalamu ya Iqra, mpaka mkono ukajaa akahamia mwingine.

Kelele zilipopungua Consolata aliwanyamazisha walio nyuma yake. Alisema kuna jambo amelibeba tangu utoto. Mvua kubwa ikinyesha Nakuru, baba yake alikuwa akitoa kiti nje, anakaa chini ya mabati, anafumba macho, anasema kwao iko hivi. Alitaka kujua kama ni kweli au alikuwa akiwatania.

Maureen alicheka huku anajifuta machozi, wino wa majina ukamwachia mistari ya buluu shavuni.

"Kila siku, dada," alisema. "Kila siku ya Mungu. Njoo na mwavuli."

Consolata akageuka akamwuliza mtu nyuma ya pazia mwavuli mweusi uko wapi, na nyumba zote mbili zikaanza kubishana, kwa lugha mbili, juu ya mwezi gani ni mzuri wa kusafiri.